Majumba ya Sinema ya Nairobi: Mbona Moja Likawa Kanisa na Jingine Likabaki Jina la Steji ya Matatu

Jengo kongwe likizungushiwa mabati katikati ya Nairobi, maneno huanza siku hiyo hiyo. Mmoja atasema hapo palikuwa thieta, wa pili atamsahihisha kuwa palikuwa sinema, wa tatu atayalaumu makanisa, na wa nne ataitaka serikali ilirudishe jengo kwa wananchi kana kwamba liliwahi kuwa lao. Wakati huo huo majina ya majumba hayo yako midomoni mwa makanga kila asubuhi. Abiria anayepandia matatu Odeon, anayezunguka Globe, anayeshuka Bellevue kwenye Mombasa Road au Drive-In kwenye Thika Road, anataja sinema, hata kama alizaliwa baada ya taa zake kuzimwa.

Tatizo ni kwamba tunayazungumzia majumba haya kama biashara zilizokufa, tukisahau kwamba kwanza ni vyumba, na umbo la chumba ndilo lililoamua kitakachofuata. Ukilielewa umbo hilo utaona kwa nini Shan ya Ngara iligeuka Sarakasi Dome, kwa nini kumbi kadhaa ziliangukia mikononi mwa makanisa, na kwa nini kuzifufua kunahitaji mengi kuliko ndoo za rangi na mashine ya bisi.

Thieta, sinema, na jumba lililokuwa yote mawili

Thieta ni ukumbi wa watu hai jukwaani. Kazi yake kubwa hufanyika mahali mtazamaji asipopaona: jukwaa lenye kina, nafasi za pembeni ambapo waigizaji husubiri zamu, vyumba vya kuvalia, mlango mpana wa nyuma wa kuingizia mapambo, na mara nyingi mnara juu ya jukwaa wa kupandishia mandhari kwa kamba na uzani. Ukiliangalia jengo la namna hiyo kwa nje, utaona sehemu moja ya paa imeinuka kuliko nyingine. Hapo ndipo jukwaa lilipo.

Sinema ni kinyume chake. Kazi yake hufanyika mgongoni mwa watazamaji, ndani ya chumba kidogo cha projekta. Mbele kuna skrini, spika nyuma ya skrini, na jukwaa la kina kidogo ambalo mara nyingi ni la mapambo tu. Huwezi kuigizia hapo mchezo wenye watu ishirini na kubadilisha mandhari mara tatu.

Aina ya tatu ni ile iliyotapakaa katika miji mikubwa ya Marekani miaka ya 1920: jumba la kifahari lililokuwa na vyote viwili. Mfano mzuri ni Chicago Theatre, lililofunguliwa Oktoba 1921 kwenye State Street. Lilikuwa na viti zaidi ya 3,500, jukwaa kamili, mahali pa kukaa bendi, na kinanda kikubwa cha mabomba. Tiketi moja ilimpa mtu filamu na onyesho la jukwaani. Lilifungwa mwaka 1985, likakarabatiwa, na mwaka 1986 likafunguliwa tena kama ukumbi wa muziki na maonyesho. Wapenzi wake walilipigania sana, ni kweli, lakini walikuwa na kitu cha kupigania: jukwaa. Filamu zilipoondoka, jengo lilibaki na kazi ya kufanya.

Nairobi ilianza na jumba la aina hiyo ya mchanganyiko, ila kwa ukubwa wa mji wa wakati ule. Theatre Royal ilijengwa mwaka 1912 kwenye barabara tunayoiita leo Kenyatta Avenue. Ilihudumia michezo ya kuigiza na filamu, kisha baadaye ikawa sinema ya Cameo. Baada ya hapo njia ziligawanyika. Kenya National Theatre, mkabala na hoteli ya Norfolk, ni thieta kwa maana kamili; ilianzishwa kwa sheria ya 1951 na kufunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari. Kenya Cinema kwenye Moi Avenue, Nairobi Cinema kwenye jengo la Uchumi House, 20th Century kwenye Mama Ngina Street, Odeon na Embassy upande wa Tom Mboya na Latema, Shan ya Ngara, Liberty ya Pangani, Globe: hizi zilikuwa sinema. Kwa hiyo anayesema thieta zetu zote zimeuzwa anachanganya mambo. Thieta ya umma bado ipo, na ilifunguliwa upya mwaka 2015 baada ya ukarabati. Zilizopotea kwa wingi ni sinema, na hizo zilikuwa mali ya watu na kampuni.

Chumba kilichojengwa kuzunguka taa

Ili kuona umbo la jumba la sinema lilivyotokea, ni lazima kuanza na mkanda wenyewe, kwa kuwa jengo zima liliufuata.

Filamu ya milimita 35 hupita kwenye projekta kwa kasi ya picha 24 kila sekunde. Kila picha husimama kitambo kidogo mbele ya taa, kisha huvutwa na meno yanayoingia kwenye matundu ya pembeni. Kifuniko kinachozunguka huikata nuru kila picha inapovutwa, na hukata mara moja zaidi picha ikiwa imesimama, ili jicho lipate mimuliko 48 kwa sekunde na lisione kumetameta. Kwa mwendo huo, dakika moja hula futi 90 za mkanda, yaani karibu mita 27 na nusu. Filamu ya saa mbili ni futi 10,800, zaidi ya kilomita tatu. Filamu ya Kihindi ya saa tatu inakaribia kilomita tano.

Hakuna rili moja ya kawaida iliyobeba urefu huo. Mkanda uligawanywa katika rili za futi 2,000, kila moja ikiwa na dakika 22 hivi. Filamu ya saa mbili ilikuja kwa rili sita, zikiwa ndani ya mikebe ya bati, uzito wa kilo 25 au zaidi. Ndiyo maana chumba cha projekta kilikuwa na projekta mbili. Ya kwanza ikiendesha rili yake, opareta aliivika ya pili rili inayofuata. Rili ilipokaribia kwisha, alama ndogo ya duara ilimulika pembe ya juu kulia ya skrini. Hiyo ilimwambia awashe mota ya projekta ya pili. Sekunde saba hivi baadaye ilimulika alama ya pili, naye akabadilisha: nuru ya moja ikafungwa, ya nyingine ikafunguliwa. Akifanya vyema, hakuna mtu ukumbini aliyejua. Akichelewa, skrini ilipauka au ikaonyesha namba za mwanzo wa rili, na ukumbi mzima ukapiga mbinja.

Watu wengi hudhani kila filamu iliyokatika ilikatwa na umeme. Mara nyingi chanzo kilikuwa mkanda wenyewe. Kopi iliyofika Nairobi huenda ilikuwa imekwisha kupita kumbi nyingi. Matundu yake yalikuwa yamechakaa, na palipounganishwa kwa gundi paliachia meno yalipovuta. Opareta alisimamisha mtambo, akakata picha kadhaa zilizoharibika, akaunganisha, akaendelea. Kila muunganiko uliondoa picha chache, na baada ya miezi mingi maneno ya waigizaji yaliruka katikati ya sentensi. Katika miji ya Afrika Mashariki ilikuwa pia kawaida kopi moja kuhudumia kumbi mbili au zaidi usiku ule ule, kijana akikimbiza rili iliyokwisha kutoka ukumbi huu kwenda ule. Baiskeli ikipata pancha, watu wa ukumbi wa pili walingoja.

Halafu kuna moto. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu nyingi zilitengenezwa kwa selulosi ya nitreti, kitu kinachowaka kwa ukali na kinachobeba oksijeni yake chenyewe, kiasi kwamba huendelea kuwaka hata kikizamishwa majini. Taa nayo ilikuwa cheche ya umeme kati ya vijiti viwili vya kaboni, yenye joto kali na moshi. Uingereza ilitunga sheria ya usalama wa sinema mwaka 1909 kwa sababu ya hatari hiyo, na Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya wakati huo, ikapata sheria yake ya michezo na sinema mwaka 1912. Chumba cha projekta kikawa kijumba cha zege ndani ya jengo: mlango wake peke yake, bomba la kutolea moshi juu ya paa, na vifuniko vya chuma juu ya vitundu vya kupitishia nuru, vilivyoanguka vyenyewe moto ukizuka. Nitreti iliondoka, na taa za kaboni zikafuatwa na taa za xenoni, lakini vyumba vya zege vilibaki.

Sasa panga vitu hivi pamoja. Chumba cha projekta juu kabisa nyuma. Mwali wa nuru unaosafiri mita 30 au zaidi bila kuguswa na kichwa cha mtu. Sakafu inayoteremka, kwa sababu jicho la aliyeketi nyuma linapaswa kupita juu ya kichwa cha aliye mbele kwa sentimita 12 hivi ili asihangaike. Roshani juu ya viti vya nyuma. Hakuna nguzo katikati, hakuna madirisha. Ukuta mrefu usio na tundu upande wa barabara, kibaraza kinachotokeza juu ya njia ya waenda kwa miguu ili foleni isinyeshewe, na milango ya pembeni inayofunguka kwa nje kuelekea uchochoro. Ukitembea katikati ya Nairobi ukaona ukuta kipofu kama huo wenye kibaraza chini yake, na mistatili iliyofifia ambapo fremu za matangazo zilikuwa, umeipata sinema ya zamani bila kumwuliza mtu.

Nani aliruhusiwa kukaa wapi

Kumbukumbu tamu za viti vya roshani zisitusahaulishe jambo hili. Wakati wa ukoloni wakaguzi wa filamu hawakuangalia umri pekee. Filamu iliweza kupitishwa kwa Wazungu na Wahindi, kisha ikawekewa marufuku ya kuonyeshwa Waafrika. Kiingilio na vizuizi vya kutembea mjini vilimalizia kazi hiyo. Waafrika wengi waliona filamu kwanza kwenye kumbi za kijamii za mitaa au mbele ya gari la sinema lililosimama uwanjani usiku, si kwenye majumba ya Delamere Avenue, ambayo ndiyo Kenyatta Avenue ya leo. Hata baada ya Uhuru mgawanyiko uliacha alama yake: kumbi za upande wa Kenyatta Avenue na Mama Ngina zilipata filamu mpya za Marekani na Uingereza mapema, huku upande wa Tom Mboya, Ngara na Pangani ukinawiri kwa filamu za Kihindi na za karate. Nadhani ule upande wa pili ndio uliojenga mapenzi ya sinema katika jiji hili. Hapo ndipo mtu alipomjua steringi kwa jina na akarudi Jumamosi tatu mfululizo kumwona.

Kenya National Theatre nayo ilibeba neno la taifa kwenye jina lake muda mrefu kabla taifa halijalishika jukwaa lake. Mwaka 1976 waandishi na waigizaji Wakenya walilazimika kubishania siku za kuonyesha kazi zao humo, kwa kuwa kalenda ilikuwa imejaa maonyesho ya wageni.

Hesabu ya chumba kimoja

Hapa ndipo ubishi mwingi wa mitandaoni hupotea njia. Watu hutafuta muuaji mmoja: video, kanisa, au DVD za River Road. Vyote vilikuwa na sehemu yake isipokuwa kanisa, nitakalolifikia, lakini vilikuta majumba ambayo tayari yalikuwa na udhaifu katika hesabu yake.

Tuchukue ukumbi wa viti 800, wenye maonyesho matatu kwa siku: saa nane mchana, saa kumi na moja na nusu, na saa tatu usiku. Hizo ni tiketi 2,400 kwa siku, 16,800 kwa wiki. Kuujaza robo tu kunahitaji watu 4,200 kila wiki, na wote hao lazima wawe wanaitaka filamu ile ile. Mama wa kibanda mwenye sufuria moja kubwa ya githeri yuko katika hali hiyo: siku watu wanapotaka chapati na ndengu, hasara yake ni ya sufuria nzima. Ukiugawa ukumbi ule katika vyumba vitano vya viti 300, 200, 150, 100 na 50, filamu inayovuma hupewa chumba kikubwa, iliyopoa hushushwa kwenye chumba cha 50, na mtu anayefika amechelewa hupata nyingine inayoanza baada ya dakika 20. Wafanyakazi wa mlangoni ni wale wale, duka la bisi ni lile lile.

Duka hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana. Pesa za kiingilio hazibaki zote kwa mwenye ukumbi. Msambazaji wa filamu huchukua asilimia yake, na kwa filamu kubwa katika wiki ya kwanza sehemu yake huweza kufika nusu au kuzidi, kisha hushuka kadiri wiki zinavyopita. Soda na bisi ni za mwenye ukumbi peke yake. Zamani kumbi za Nairobi ziliweza kusubiri: filamu iliyopendwa ilikaa wiki nyingi, na zile wiki za mwishomwisho, sehemu ya msambazaji ikiwa imeshuka, ndizo zilizolipa kodi na mishahara. Hiyo iliwezekana kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuiona filamu hiyo.

Miaka ya 1980 kanda za VHS ziliziondoa wiki hizo za mwishomwisho. Mwaka 1990 KTN ilianza kurusha matangazo, na televisheni ikaacha kuwa ya kituo kimoja. Sarit Centre ilikuwa imefunguliwa Westlands mwaka 1983, na maduka makubwa ya aina hiyo yakaja na sinema zenye vyumba vidogo na mahali pa kuegesha gari. Katikati ya jiji, mtu aliyetoka onyesho la saa tatu alikuwa na maswali mawili kichwani: nitafika steji salama, na nauli ya usiku huu ni ngapi? Onyesho la usiku, ambalo ndilo lililokuwa na watu wazima wenye pesa, likaanza kukauka. Kwenye mitaa, kibanda cha video kikamalizia: benchi za mbao, televisheni moja, kiingilio cha sarafu, na baadaye filamu zilizotafsiriwa kwa vituko na DJ Afro. Mtu wa Kayole hakuhitaji tena kupanda matatu mara mbili kumfuata steringi mjini.

Zile za kutazamia garini zilikuwa na hesabu nyingine. Bellevue na Fox, ile ya Thika Road, zilihitaji kiwanja kikubwa kinachofanya kazi saa chache tu usiku. Nairobi iko karibu na ikweta. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hivyo onyesho liliweza kuanza mapema kuliko nchi ambazo kiangazi huwa na mwanga hadi usiku. Hilo lilizisaidia sana. Lakini barabara zilipopanuka na ardhi ya kandokando yake kupanda bei, kiwanja kinacholala mchana kutwa kikawa ghali kukiacha kilivyo.

Kuhusu makanisa

Madai kwamba makanisa yaliua sinema yanageuza mpangilio wa mambo. Makanisa yaliingia kumbi ambazo tayari zilikuwa hazijazi watu, na yaliingia kwa sababu umbo liliyafaa kuliko mpangaji mwingine yeyote.

Fikiria mwenye jengo lenye ukumbi mtupu. Njia ya haraka ya pesa katikati ya Nairobi ni kugawa nafasi katika vijiduka vya eksibisheni, vya mita mbili kwa mbili. Lakini sakafu ya sinema inateremka. Ili kuweka vijiduka ni lazima kumwaga zege juu ya mteremko au kuweka sakafu mpya ya chuma, kuongeza ngazi, kutoboa madirisha kwenye ukuta ambao haukuundwa kutobolewa, na kupitisha umeme na maji upya. Wengine wamefanya hivyo, na jengo likishapita hapo, sinema hairudi tena. Kanisa halihitaji lolote kati ya hayo. Linataka viti mia nane vinavyotazama upande mmoja, jukwaa la kina kidogo, milango mingi ya kutokea, vyoo vya umati, na mahali pa spika. Sinema ni hivyo vyote tayari. Kodi hulipwa, paa huzibwa, na sakafu hubaki ilivyo.

Kwa mtu anayejali majengo haya, hilo ni jambo la kushukuriwa. Ukumbi uliopangishwa kanisa unaweza kurudi kuwa ukumbi wa maonyesho. Uliogeuzwa eksibisheni umekwenda.

Kitu kinachoharibika humo kwa kawaida ni sauti. Sinema ilivikwa mapazia, zulia na kuta laini ili mwangwi ufe ndani ya sekunde moja au chini yake, kwa sababu sauti ya filamu huja na mwangwi wake. Ukiondoa zulia ukaweka vigae, ukashusha mapazia ukapaka rangi ya mafuta, neno linaanza kukanyaga neno. Wengi huongeza spika, na tatizo huzidi.

Shan ilipata njia nyingine. Ukumbi mpana usio na nguzo, wenye paa la juu, ndio hasa unaohitajika na wanasarakasi: nafasi ya kurushana na mahali pa kufungia kamba. Ndivyo Sarakasi Dome ilivyopatikana Ngara.

Digitali ilifunga mlango gani

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni kubwa za Hollywood zilianza kuacha kabisa kutoa kopi za milimita 35. Filamu sasa huja kama faili kwenye diski, kwa kawaida gigabaiti mia na zaidi, ikiwa imefungwa kwa ufunguo wa kidijitali. Ufunguo huo hutolewa kwa mtambo mmoja mahususi, kwa tarehe na saa mahususi. Ukipeleka diski kwenye mtambo mwingine, au saa ya mtambo ikiwa imepotea, skrini hukaa giza hata kama faili ni nzima. Kijana wa baiskeli hana kazi tena.

Kwa ukumbi mkubwa gharama haiishii kwenye kununua projekta. Skrini ya mita 12 kwa 5 ni mita 60 za mraba. Ya mita 6 kwa 2.5 ni mita 15. Ili zing'ae sawa, ya kwanza inahitaji nuru mara nne, kwa hiyo taa kubwa zaidi, umeme zaidi, na mfumo wa kupoza wenye nguvu zaidi. Skrini yenyewe huwa na matundu madogo yanayopitisha sauti, na haifutwi kwa kitambaa cha maji wala haipakwi rangi ya ukutani. Ikizeeka hubadilishwa. 20th Century ilichagua kwenda mbali upande huo, ikaweka skrini ya IMAX, yaani ikauza kile ambacho sebule haiwezi kukipa: ukubwa. Mwenye ukumbi wa viti 800 asiye na mtaji wa namna hiyo hakuwa na njia ya katikati.

Likitangazwa kufufuliwa

Anza na paa. Mihimili iliyovuka mita 20 bila nguzo hushika kutu mahali maji yanapoingia, na dari nzuri ya plasta huficha kutu hiyo mpaka inapoanguka. Kisha nyaya, ambazo katika majengo ya zamani hazikuwekewa mzigo wa viyoyozi na mitambo ya leo. Dari na kuta za sauti za miaka hiyo huweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Zisibomolewe kwa nyundo kabla ya kupimwa.

Halafu viti. Safu za zamani zilipishana sentimita 85 hivi na kiti kilikuwa na upana wa 50. Mtazamaji wa leo anataka 105 kwa 55. Fanya hesabu: viti 800 vinabaki karibu 590 kwenye sakafu ile ile. Mpango wa biashara unaonukuu idadi ya viti vya zamani umekosea kabla mlango haujafunguliwa. Milango ya dharura ni lazima ikaguliwe pia kwa kuisukuma, kwa sababu nyingi zinafunguka kwenye uchochoro ambao sasa umejaa vibanda.

Suala la nani wa kuuliza nalo limefungana bila sababu. Kwa Katiba ya 2010, sinema na maonyesho ya video ni kazi ya serikali ya kaunti, kwa hiyo leseni ya ukumbi huanzia City Hall. Ukaguzi wa filamu zenyewe umebaki kwa serikali ya kitaifa, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Kenya National Theatre iko chini ya Kenya Cultural Centre, ambalo ni shirika la serikali, hivyo mwananchi ana haki ya kuuliza maswali yake huko moja kwa moja. Jumba la mtu binafsi ni tofauti. Chombo kilichopo ni Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, inayowezesha jengo la kihistoria kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Tangazo hilo halimnyang'anyi mwenyewe hati yake. Linamzuia kubomoa au kubadilisha bila idhini. Na lina maana likitoka wakati sakafu bado inateremka, kwa sababu fundi akishaisawazisha kwa zege, kinachobaki kulindwa ni ukuta wa mbele na kibaraza.